Mwongoza wageni wa Patan aliyenyamaza miaka arobaini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, moshi wa ubani unatoka kwenye lango la ua wa Sithunani, mjini Patan, jirani na Kathmandu, na Gyanshova Shakya amesimama katikati ya lango hilo kama mtoza ushuru. Mkononi ana kikapu cha mianzi. Wageni saba waliolala nyumba ya wageni ya mtaa wa pili wamejipanga mbele yake, wengine bado wanapiga miayo.

"Simu humu," anasema. "Na kamera. Wewe mwenye kofia, hata hiyo ya mfukoni."

Mwenye kofia anacheka, akidhani ni utani. Gyanshova hacheki. Anakitikisa kikapu mpaka simu zilizomo zinagongana.

"Mama, nimetoka mbali. Picha moja tu."

"Una macho mawili. Yatumie, hayana malipo."

Ndani, sakafu ya matofali bado imelowa maji ya kufagilia. Wanawake wanazunguka hekalu dogo wakigusa kila kona na kupeleka mkono kwenye paji la uso. Nyundo ya mfua shaba wa kwanza imekwisha kuanza ghorofani. Gyanshova anawapitisha wageni penye taa za samli, penye kengele, penye simba wawili wa jiwe waliopoteza masikio kwa kukaliwa na watoto, kisha anasimama kwenye ukuta wa kaskazini, mbele ya kidaka chenye kimlango cha kimia cha mbao. Kidaka ni kitupu.

"Hapa alikaa Tara," anasema. "Mungu mke wa shaba iliyopakwa dhahabu, kimo chake kama mtoto wa miaka miwili. Aliibwa mwaka 1984. Lawama alibebeshwa sonara mmoja wa ua huu, jina lake Bekharatna Shakya. Hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Wageni wanatazamana. Mwenye kofia anaivua.

"Wengi huwa wanadhani hawakunisikia vizuri," anasema baadaye, akiwa ameketi kwenye ngazi na kikombe cha chai. "Wengine wananiuliza kama ni mchezo wa kuigiza. Nawarudia tena, polepole, na jina lile nalitaja mara mbili."

Gyanshova ana miaka 58. Amekuwa mwongoza wageni kwa miaka 33, mmoja wa wanawake wa kwanza wa mtaa wake kupata kibali cha kazi hiyo. Msimu ukiwa mzuri, kuanzia Oktoba, hupata rupia elfu tatu kwa siku. Masika yakiingia, wiki nzima inaweza kupita bila mgeni hata mmoja, na nyumba inategemea nyundo ya mumewe, Babukaji, ambaye hufua sanamu za shaba.

Katika miaka hiyo 33, kwa miaka 32 alipofika mbele ya kidaka kile alisema maneno mengine. "Nilisema sanamu imeondolewa kwa ajili ya usafi. Halafu nilikuwa naharakisha, nawaonyesha simba."

Ilikuwa Mei 1984. Gyanshova alikuwa na miaka 17, msichana wa kwanza wa ukoo wao kufika kidato cha juu, na Kiingereza chake cha vitabuni kilikuwa hakijapata mtu wa kukisikiliza. Mgeni mmoja, mwanamume wa makamo mwenye ndevu fupi aliyejitambulisha kwa jina la Viktor, alikuwa akija uani kila siku kuchora. Alichora madirisha, alichora paa, alichora bibi wanaosokota sufu. Watu walimzoea. Walimpa kigoda.

"Alikuwa ananisikiliza," anasema Gyanshova. "Hilo ndilo mtu asiyeelewa atakalonicheka. Nyumbani nikisema neno, naambiwa kaoshe vyombo. Yeye nikisema, anaandika. Aliniambia, 'Wewe ungefaa kuwaongoza wageni.' Nilikuwa sijui kama kuna kazi ya namna hiyo duniani. Kazi yangu hii, inayonilisha mpaka leo, ilizaliwa mdomoni mwa mtu yule."

Kaya za Sithunani hupokezana zamu ya kumhudumia Tara, mwezi kwa mwezi. Mwenye zamu hulala pale pale hekaluni, hula mlo mmoja, na hushika ufunguo wa kidaka, ufunguo wa chuma wa kizamani wenye urefu wa shibiri. Mwezi ule wa Mei zamu ilikuwa ya baba yake Gyanshova. Alasiri moja, mzee akiwa amekwenda kuoga mtoni, Viktor aliomba kumwona mungu bila kimia, uso kwa uso.

"Niliuchukua ufunguo kwenye msumari. Nikafungua. Akasema, 'Simama pembeni yake, nikupige picha.' Nikasimama. Nikaweka mkono juu ya goti la Tara, kama mtu na dada yake. Hakuna mwanamke aliyekuwa anaruhusiwa kumgusa. Mimi nilimgusa kwa sababu ya picha."

Baada ya picha, mgeni aliomba maji ya kunywa. Gyanshova alipanda kwao kuyaleta. Ufunguo aliuacha mkononi mwa mgeni, kwa sababu alikuwa ameuomba auangalie, akiusifia ufundi wake.

"Ngazi zetu ni nyembamba na mtungi ulikuwa ghorofa ya juu. Nilichukua muda gani? Muda wa kuchemsha yai. Alikuwa na nta ya kuchukulia alama ya ufunguo, alikuwa na sabuni, sijui. Niliporudi alinipa ufunguo, akayanywa maji yote, akashukuru."

Kitu kingine alimpa bila kuulizwa sana. Viktor alitaka kujua ni lini ua unakuwa mtulivu, apate kuchora bila kusumbua watu wanaosali. Gyanshova alimjibu kwa mzaha wa watu wa Patan: siku ya kuonyeshwa kizibao cha mungu wa mvua, hata mbwa huenda uwanja wa Jawalakhel.

Kabla ya kuondoka, mgeni alimletea picha, imesafishwa kwenye studio moja ya Kathmandu, na mhuri wa studio wenye tarehe nyuma yake. "Alisafisha mbili," anasema. "Moja akanipa mimi. Ile nyingine sijui alimpa nani. Yaani, najua: mnunuzi."

Siku ya kizibao iliangukia Juni mwaka ule. Jiji lote lilikwenda Jawalakhel, mfalme alikuwepo, mvua ilinyesha kama ilivyotakiwa. Zamu ya Tara ilikuwa imehamia kwa Bekharatna, sonara wa upande wa magharibi wa ua, mtu mpole ambaye mabibi harusi wa mitaa mitatu walimwamini na dhahabu zao. Yeye alibaki. Mnamo saa nane mchana mkewe alimwita kutoka dirishani: binti yao wa miaka minane, Keshari, alikuwa ameshikwa na homa kali, anaweweseka. Bekharatna alipanda kumtazama. Alikaa saa moja, akimkanda kwa kitambaa cha maji.

Aliposhuka, kufuli lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha, na mungu hayupo.

Hilo ndilo lililommaliza. Kama kufuli lingevunjwa, watu wangelia naye. Kufuli zima, ufunguo kiunoni mwake, na yeye sonara anayejua bei ya dhahabu. Kila mtu alijumlisha mwenyewe. Polisi wa kituo kimoja walimshikilia siku tisa. Hawakupata kitu, wakamwachia. Ua haukumwachia. Wazee walifuta jina la kaya yake kwenye zamu, na katika karamu ya mwaka sahani yake haikuwekwa.

"Nilisikia habari ya kufuli nikiwa hapo penye bomba la maji," Gyanshova anasema, akionyesha kwa kidevu. "Mtungi wangu ulikuwa umejaa na unamwagika, mwenzangu ananiambia, 'Wewe, maji!' Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Sekunde ile ile."

Kwa nini hakusema? Swali hili ameulizwa na wengi tangu mwaka jana, na majibu yake hayalingani, jambo ambalo yeye mwenyewe analikiri.

"Mwanzo nilimwogopa baba. Ufunguo ulikuwa wake, wangesema yeye ndiye. Baadaye nikaposwa, nikasema, wacha harusi ipite. Baadaye nikazaa. Kila mwaka nilikuwa na sababu ya mwaka ule. Ukweli ni kwamba ukinyamaza siku ya kwanza, siku ya pili unakuwa na makosa mawili, na ya tatu matatu. Nilikuwa najiona siwezi tena kuyabeba, kumbe niliyekuwa namtwisha ni mwingine."

Mwingine huyo aliendelea kuishi mlango wa nne kutoka kwao. Hakuna bibi harusi aliyempelekea dhahabu tena. Nani ampe kipuli mtu aliyeuza mungu? Alijaribu kufua fedha, akajaribu kutengeneza vifungo vya mikanda, mwishowe akawa anauza bangili za kioo kwenye sinia, miguu peku, mitaa ya mbali ambako hawakumjua. Mikono ambayo ilitengeneza mikufu ya maharusi ikawa inahesabu bangili za watoto.

Gyanshova hakuweza kumtazama, na hakuweza kutomtazama. Siku za sikukuu alimpelekea pepeta, mchele wa kupondwa, na nyama ya kukaanga kwenye bakuli lililofunikwa. Siku moja, kama mwaka 1995, Bekharatna alipokea bakuli mlangoni, akamshika mkono.

"Aliniambia, 'Binti yangu, ua mzima umenigeuzia kisogo, wewe peke yako hukunigeuzia. Mungu akuone.'" Ghorofani nyundo inagonga, inaacha, inagonga. "Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, mkono wangu ameushika. Nikasema, 'Kula, Mzee, zisipoe.' Nikashuka ngazi."

Bekharatna alifariki miaka miwili baadaye, katika chumba cha kupanga ng'ambo ya mto, ambako familia ilikuwa imehamia. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kumfanyia ibada za kila mwaka. Kutoka Sithunani hakwenda mtu kumzika isipokuwa Gyanshova, na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri.

Kuhusu kuchagua kazi ya uongozaji, anasema hakuichagua kwa sababu anawapenda wageni. "Nilitaka kusimama langoni. Nilijiambia, atakayeingia humu atapita mkononi mwangu. Nimewanyang'anya kamera miaka thelathini na mitatu. Wenzangu wananiita Polisi. Mungu alikwisha kwenda, mimi nalinda tundu."

Picha aliificha chini kabisa katika sanduku lake la harusi, ndani ya mkunjo wa sari. Tetemeko la mwaka 2015 lilipoipasua nyumba yao, aliwatoa watu, kisha akarudi ndani mbio huku matofali yanaanguka, akatoka amelikumbatia sanduku. Kwa miaka tisa Babukaji aliwasimulia watu kisa hicho kama kichekesho: mke wangu alimsahau mumewe akakumbuka dhahabu.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, alikuja uani mwalimu mstaafu, Hemraj Tamrakar, ambaye na wenzake hutafuta miungu iliyoibwa kwenye bonde hili. Alikuwa na karatasi yenye picha ya rangi kutoka jumba moja la makumbusho la ng'ambo. Wazee wa ua waliitazama wakaanza kulia. Alikuwa Tara, na alama yake ile ile, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichovunjika zamani za babu zao.

Lakini jumba lile lilitaka ushahidi. Machozi ya wazee hayakutosha. Ilitakiwa picha inayomwonyesha mungu akiwa kwenye kidaka chake, yenye tarehe. Mwalimu Hemraj alipita nyumba kwa nyumba. Picha za harusi, picha za karamu, picha za watoto. Zote Tara yuko nyuma ya kimia, kivuli tu.

"Alifika kwetu," Gyanshova anasema. "Alikunywa chai. Akaniuliza, 'Dada, wewe umeishi na wageni maisha yako yote, hakuna hata mmoja aliyepiga picha zamani?' Nikamjibu hakuna. Akaaga. Aliacha biskuti yake haijaguswa."

Siku kumi na moja alikaa na jambo hilo. Siku ya nane alichukua mkasi. Alifikiri angekata upande wa picha aliosimama yeye, abaki Tara peke yake, aseme ameiokota. Aliuweka mkasi kwenye ukingo wa picha, akaona kwamba haiwezekani. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la mungu. Ukimtoa Gyanshova, goti linaondoka naye.

Siku ya kumi na moja alimweleza mumewe. Babukaji, mtu wa maneno machache, aliacha nyundo juu ya gogo la kufulia.

"Aliniambia, 'Mama Rojina, ungeniambia kabla sijakuoa.' Nikamuuliza, 'Ungenioa?' Akasema, 'Ningekuoa. Lakini tungekwenda wote wawili kwa Bekharatna.' Halafu akashika nyundo. Na kile kisa cha dhahabu hajakisimulia tena."

Mtu wa kwanza nje ya nyumba yake alikuwa Keshari, yule mtoto wa homa, sasa mwanamke wa miaka 49 anayekaanga bara, mikate ya dengu, kwenye kibanda cha kichochoro nyuma ya Mangal Bazaar. Wote wawili wamemsimulia mwandishi yaliyotokea, na masimulizi yao hayatofautiani.

Ilikuwa mchana, wateja wamepungua. Gyanshova alisimama mlangoni akashindwa kuanza.

"Dada, umekuja kula au umekuja kusema?" Keshari aliuliza bila kuinua macho kwenye sufuria.

Gyanshova alisema yote akiwa amesimama. Akaweka picha juu ya meza, karibu na bakuli la unga wa dengu. Keshari alifuta mikono, akaiinua, akaitazama mpaka mkate uliokuwa motoni ukaungua. Akaugeuza. Akautupa. Akamwaga mwingine.

"Unajua mama yangu alikuwa ananiambia nini?" alisema hatimaye. "Akikasirika, akikosa hela ya mchele. 'Usingeugua siku ile, baba yako asingepanda ngazi.' Miaka arobaini nimejua ni homa yangu. Nimezaa watoto watatu. Wakipata joto kidogo natetemeka. Nilikuwa na miaka minane, dada. Mzigo huo ulikuwa wako."

"Nimekuja kukuomba..."

"Usiniombe." Hapo ndipo alipoinua macho. "Usije kuniomba msamaha jikoni kwangu kama mtu anayekuja kuazima chumvi. Mimi sikumshitaki baba yangu. Walimshitaki uani, mbele ya watu. Nenda kaseme uani, mbele ya watu. Ukimaliza huko, tutajua kama tuna la kuongea."

Gyanshova alichukua picha. Alipofika nje, Keshari alimwita tena.

"Alikuwa anakutaja kila akila nyama. Kila akila. Ulijua?"

"Nilijua," Gyanshova alijibu.

Mkutano wa kaya zote za Sithunani ulifanyika Jumamosi iliyofuata, watu wameketi kwenye mikeka, wanawake kwenye ngazi na madirishani. Gyanshova, ambaye ameongea mbele ya maelfu ya wageni, anasema alisahau ulimi uko upande gani. Alipomaliza, yalizuka makelele.

"Kumbe unajua kuongea, mwongoza wageni!" alipaza sauti mama mmoja kutoka dirishani. "Miaka yote ulimi ulikuwa wapi? Uliwauzia wageni, sisi hukutubakizia?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema Gyanshova.

"Sawa, kumi na saba. Na ulipokuwa na thelathini? Na arobaini?"

Anasema swali hilo ndilo analolisikia akilala.

Aliyenyamazisha ua alikuwa Mzee Tirtharaj, mwenye miaka 82, mkubwa wa wazee, ambaye mwaka 1984 ndiye aliyesimama kutaka jina la Bekharatna lifutwe. Alisaidiwa kunyanyuka.

"Mtoto huyu alinyamaza," alisema. "Sisi hatukunyamaza. Sisi tulisema, tena kwa sauti, jambo tusilolijua. Na mimi nilisema kuwashinda wote. Bekharatna alinitazama siku ile akaniuliza, 'Kaka, na wewe?' Nikamwambia atoke." Akaketi.

Siku hiyo hiyo waliamua kurudisha jina. Lakini zamu hufuata watoto wa kiume, na Bekharatna hakuwa nao; Keshari aliolewa ua mwingine. Jina la mtu limeandikwa upya mahali pake, kati ya kaya ya sita na ya nane, na kila zamu ikifika mahali hapo inaruka, kwa kuwa hakuna wa kuishika.

Picha ilipelekwa. Mhuri wa studio, tarehe, kidole kilichovunjika, vyote vilionekana. Baada ya miezi tisa, jumba lile la ng'ambo lilikubali. Tara alirudi nchini mwezi wa Januari akiwa kwenye sanduku la mbao, na kwa sasa amehifadhiwa mahali salama mpaka ua utakapomaliza kutengeneza kidaka chenye kinga imara. Wazee wanatarajia kumrudisha mwezi wa Novemba. Siku aliyofika uwanja wa ndege, watu wa Sithunani walikwenda na ngoma na maua. Gyanshova hakwenda. Hakuna aliyemkataza, na hakuna aliyemwambia twende.

Viktor hajapatikana. Mwalimu Hemraj anaamini jina hilo halikuwa lake. "Angekuwa hai angekuwa na miaka zaidi ya themanini," anasema. "Pengine anaitazama michoro yake ukutani, anakumbuka watu wema waliompa kigoda."

Baada ya mkutano, Gyanshova alirudi kibandani kwa Keshari. Hakuomba kitu. Keshari ndiye aliyetoa sharti: kila kundi litakaloingia Sithunani lisimamishwe mbele ya kidaka na liambiwe ukweli, na jina la baba yake litajwe lote, si "sonara mmoja". Tangu siku hiyo Gyanshova hajaruka kundi. Wakala mmoja ameacha kumpa wageni, akisema wanalipia kupumzika, si kusikia maungamo. Kipato chake msimu uliopita kilipungua karibu theluthi moja.

"Sawa tu," anasema. "Mzee Bekharatna alipoteza kila kitu."

Je, Keshari amesamehe? Mwandishi alimkuta akipanga majani ya kupakulia, uso umeng'aa kwa mvuke.

"Watu wanapenda kuniuliza hilo, utafikiri ni bei ya mkate," alisema. "Sijui. Kuna siku nakaanga hapa najikuta naimba, ndipo nakumbuka kwamba si homa yangu. Siku hiyo nakaribia. Kuna siku nakumbuka miguu ya baba, ilivyopasuka kwa kutembeza bangili. Siku hiyo asipite hapa."

Watu wa bonde hili huwakumbuka wafu wao kwa kujenga chaitya, mnara mdogo wa jiwe, kwenye ua wa ukoo. Bekharatna hana. Gyanshova aliweka akiba akaenda kwa Keshari na wazo hilo, na akarudishwa. Baba hatajengewa kwa pesa za wageni, Keshari alisema. Mwezi mzima ukapita bila neno.

Wiki iliyopita, kupitia Mwalimu Hemraj, ulikuja ujumbe. Keshari amekwenda mwenyewe kwa wachonga mawe, amechagua jiwe jeusi, amelipa kwa hela yake ya bara. Wazee wametoa mahali, upande wa magharibi, chini ya dirisha ambako mke wa Bekharatna alimwita mumewe siku ile. Mwisho wa ujumbe ulikuwa na maneno haya: jiwe nimenunua mimi, msingi unataka mchanga, mchanga abebe yeye.

Lori haliwezi kuingia Sithunani. Mchanga utamwagwa barabarani, na kutoka hapo hadi uani ni hatua mia mbili na kumi, pamoja na ngazi sita. Magoti ya Gyanshova ni mabovu tangu tetemeko. Babukaji amejitolea kumsaidia, majirani wawili pia. Amewakatalia wote.

Anainuka kwenye ngazi, anawarudishia wageni simu zao moja moja, anamwambia mwenye kofia asisahau miwani. Kisha anaonyesha ndoo mbili mpya za plastiki zilizoegemezwa ukutani, bado zina karatasi ya dukani.

"Mchanga unashushwa kesho saa moja," anasema. "Nimewaambia mawakala kesho sina wageni. Nitaanza na nusu ndoo, nione magoti yanasemaje. Keshari amesema atafunga kibanda, aje kusimamia."